Maswali ya Wasomaji: Sauti Inatoka Wapi, na Ubongo Unakumbukaje?

Kati ya barua zilizotufikia kutoka Kigoma na Tabora, nne zinazungumzia jambo moja, ingawa walioziandika hawajuani: upande ambao sauti inatoka, na namna ubongo unavyoujua upande huo. Nimezifupisha kidogo na kuziweka pamoja. Jibu la barua ya kwanza ni refu kwa sababu hizo nyingine zinalitegemea.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 61. Nilizaliwa Ujiji, nikaolewa Mwanga, mjini Kigoma, na nikaishi huko miaka 34. Mwaka jana nilihamia Isevya hapa Tabora, kwa mwanangu. Kule nyumbani nilikuwa nikilala ziwa likiwa upande wangu wa kushoto. Usiku nilisikia injini za boti za wavuvi wa dagaa zikitoka, alfajiri nikazisikia zikirudi, na siku za meli nilisikia honi ya Liemba. Sasa huku Tabora barabara iko kulia kwangu, lakini lori likipita usiku nashtuka na kugeukia kushoto, ukutani, na kwa muda mfupi naamini kabisa kwamba ni boti zinarudi. Wajukuu wananicheka. Je, ubongo unaweka wapi kumbukumbu ya upande wa sauti? Na je, hii ni dalili kwamba kumbukumbu zangu zimeanza kuharibika? (Mama wa Isevya, Tabora)

JIBU: Mama yangu, shikamoo. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu nahisi ndilo lililokusukuma kuandika. Mtu anayepoteza kumbukumbu husahau aliyoambiwa jana, hurudia swali lile lile mara nne ndani ya saa moja, au hupotea katika mtaa aliouzoea. Ukiona hayo, nenda hospitali ukapimwe. Kugeukia ziwa usingizini baada ya kulala kando yake miaka 34 ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni kumbukumbu iliyoota mizizi, na wajukuu waambiwe hivyo.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Wengi hudhani kwamba sikio hujua sauti imetoka wapi, kama vile jicho linavyojua mti uko upande gani. Sivyo. Mwanga unaotoka kushoto hutua mahali pake maalumu nyuma ya jicho, na unaotoka kulia hutua pake, kwa hiyo picha hufika ubongoni ikiwa tayari imebeba upande wake. Sikio halina mpango huo. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama gamba la konokono, chenye seli za vinyweleo zilizopangwa kwa mfuatano, kuanzia zinazopokea sauti nyembamba hadi zinazopokea sauti nzito. Seli hizo zinaweza kuuambia ubongo kwamba huu ni muungurumo au ule ni mluzi, lakini haziwezi kuuambia umetoka kushoto au kulia. Upande huo ubongo huukokotoa wenyewe, kila mara upya, kwa kulinganisha habari za masikio mawili.

Hesabu hiyo ina njia mbili kubwa, ambazo mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alizieleza pamoja mwaka 1907. Njia ya kwanza ni muda. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Ikitoka kushoto kabisa, hulifikia sikio la kushoto kwanza, kisha hulazimika kukizunguka kichwa ndipo ilifikie la kulia. Kwa mtu mzima kuchelewa huko hufikia kama mikrosekunde 650, yaani sehemu 650 za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja, na bado ubongo uliozoea huweza kutambua tofauti ya mikrosekunde 10 tu. Ndiyo maana katika vyumba vya majaribio watu wameweza kutambua kwamba chanzo cha sauti kilicho mbele yao kimesogezwa kwa nyuzi 1 hivi, ambayo kwa umbali wa mita 10 ni kama sentimita 17, pungufu ya shubiri moja ya mtu mzima. Njia ya pili ni nguvu ya sauti. Kichwa hukinga sauti nyembamba kama ukuta unavyokinga upepo, na sikio la upande wa pili huipata ikiwa imefifia. Sauti nzito, zile zilizo chini ya hezi 1,500 hivi, yaani mitetemo 1,500 kwa sekunde, zina mawimbi marefu yanayokizunguka kichwa bila shida, kwa hiyo kwa hizo ubongo hutegemea zaidi muda.

Kazi hii huanzia chini, kwenye shina la ubongo, kabla hata hujatambua kwamba umesikia kitu. Huko ziko seli zinazopokea nyuzi za neva kutoka masikio yote mawili, na huitikia kwa nguvu zaidi pale habari za pande zote mbili zinapozifikia kwa wakati mmoja. Mwaka 1948 Mmarekani Lloyd Jeffress alipendekeza maelezo ambayo mimi huyafananisha na reli yetu. Treni moja inatoka Kigoma na nyingine inatoka Tabora, kila moja ikienda kwa mwendo ule ule. Zikipishana Uvinza, unajua kwamba ya Tabora ilitangulia kuondoka. Zikipishana Urambo, unajua kwamba iliyotangulia ni ya Kigoma. Huhitaji saa, kwani kituo zilipokutana kinakupa jibu. Treni hizo mbili ni habari za masikio mawili, na kila kituo ni seli. Kwa bundi mpango huo umeonekana karibu kama Jeffress alivyoufikiria. Kwa wanyama wanyonyeshao, tukiwemo sisi, watafiti wanabishana hadi leo kuhusu namna habari za sikio moja zinavyocheleweshwa ili zikutane na za jingine, ingawa hawabishani kwamba muda ndio unaopimwa.

Inabaki sauti iliyo mbele yako hasa, iliyo nyuma yako hasa, na iliyo juu ya utosi. Zote hizo huyafikia masikio mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu ile ile, na hapo ndipo mikunjo ya sikio la nje, ambayo wengi huiona kama pambo, inapofanya kazi. Sauti ikigonga mikunjo hiyo, baadhi ya sehemu zake nyembamba huongezwa nguvu na nyingine hupunguzwa, na mpangilio wa kuongezwa na kupunguzwa hubadilika kulingana na kimo cha chanzo. Nilijaribu jambo hili na binti wa dada yangu uani kwetu Kigoma. Alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, nami nikachezesha shada la funguo juu ya kichwa chake, kisha mbele ya kifua, kisha nyuma ya kisogo, bila kufuata zamu. Alipatia kila mara. Nikamwambia ayakunje masikio yake kwa vidole, bila kuziba matundu. Funguo zikiwa juu ya kichwa chake, alinyoosha kidole kuelekea miguuni pangu, mara mbili mfululizo, akiwa na uhakika mtupu usoni. Alipofumbua macho alibishana nami kwamba nimezihamisha.

Hapo ndipo kumbukumbu inapoingia. Hakuna watu wawili wenye mikunjo ya masikio inayofanana kabisa, na kichwa cha mtoto hakiachi kukua, kwa hiyo ucheleweshaji uliomaanisha upande fulani akiwa na miaka 2 haumaanishi upande huo huo akiwa na miaka 12. Ubongo haungeweza kuzaliwa na majibu hayo yote. Lazima uyajifunze, uyatunze na uyarekebishe. Mwalimu wake mkubwa ni macho. Sauti inasikika, mtoto anageuka, anaona kuku, na ubongo unaandika kwamba tofauti ile ya muda, pamoja na mpangilio ule wa mikunjo, ni upande huu. Huandika hivyo maelfu ya mara, bila mtoto kujua kwamba yuko darasani.

Namna ubongo unavyoandika hayo imeonekana wazi kwa bundi. Najua kwamba kwetu ndege huyu hufukuzwa kwa mawe, akidhaniwa ni mjumbe wa wachawi, lakini elimu ya kusikia ina deni kubwa kwake. Namzungumzia yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo, anayeweza kumkamata panya gizani kabisa kwa kutumia masikio peke yake. Mwaka 1978 Eric Knudsen na Masakazu Konishi walieleza kwamba katika ubongo wake ziko seli zilizopangwa kama ramani, ambapo kila seli huitikia sauti inayotoka mahali fulani tu. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Knudsen aliwavika makinda ya bundi miwani ya prizimu iliyosogeza kila wanachokiona kwa nyuzi 23 hivi upande mmoja. Baada ya wiki kadhaa ramani ya sauti ya bundi hao ilikuwa imesogea ili ikubaliane na macho, ingawa macho ndiyo yaliyokuwa yakikosea. Miwani ilipovuliwa, ramani ilirudi ilikokuwa. Bundi wazima waliovishwa miwani hiyo kwa mara ya kwanza ukubwani walijifunza kidogo sana. Lakini mwaka 1998 Knudsen alionyesha jambo ambalo ningependa ulishike, mama yangu: bundi waliokuwa wamejifunza somo lile utotoni, walipovishwa tena miwani wakiwa watu wazima wa kibundi, walilirudia somo ambalo wenzao wa umri wao hawakuliweza.

Somo la zamani, basi, lilikuwa limehifadhiwa. Wachunguzi walipoziangalia nyuzi za neva zenyewe ndani ya ubongo waliona kwamba somo jipya lilikuwa limeotesha matawi mapya, na yale ya zamani hayakuwa yamekatwa. Yalikuwa yamenyamazishwa na seli ambazo kazi yake ni kuzuia nyingine zisizungumze, huku viungio vyake vikibaki mahali pake. Hilo ndilo jibu la swali lako la ubongo unaweka wapi: kumbukumbu ya upande wa sauti haimo katika sanduku moja, imo katika viungio vya seli hizo hizo zinazofanya hesabu, na ubongo haubomoi njia ya zamani ili kujenga mpya.

Lakini kwako kuna kumbukumbu ya pili juu ya hiyo. Shina la ubongo linaweza kukuambia kwamba sauti iko kushoto kwa kichwa chako, basi. Halijui ziwa, halijui Mwanga, halijui kitanda. Kuunganisha sauti na mahali, na kujua kwamba kushoto kwa kitanda kile ni ziwani, ni kazi inayoihusu sana hipokampasi, sehemu iliyomo ndani ya ubongo, moja kila upande, karibu na usawa wa masikio. Mwaka 1971 John O'Keefe, akifanya kazi London, alieleza seli za hipokampasi ya panya ambazo huamka pale tu panya anapokuwa mahali fulani, na mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser kwa uchunguzi wa namna ubongo unavyotambua mahali. Kwa binadamu, umuhimu wa sehemu hiyo ulionekana kwa uchungu kwa Mmarekani Henry Molaison, ambaye mwaka 1953 aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili ili kutibu kifafa, na kuanzia hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za mambo yanayomtokea.

Sasa lipitishe lori la Isevya katika mtambo huo. Muungurumo wake ni sauti nzito. Unaingia kupitia dirisha na kuta, unagonga dari na kabati, unakufikia ukiwa umechanganyika na mwangwi wake, na wewe umelalia sikio moja kwenye mto. Hesabu ya masikio mawili imekosa mkono mmoja. Ubongo ukikosa habari za kutosha hauachi pengo. Huchagua jibu ambalo maisha yameufundisha kuwa ndilo la kawaida, na kwako muungurumo wa usiku kwa miaka 34 ulikuwa injini za boti, upande wa kushoto. Unapoketi na kugeuza kichwa, masikio yote mawili yanafanya kazi, macho yanaona ukuta, na kosa linasahihishwa. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Ukitaka jambo hili lipungue, usisogeze kitanda. Kaa jioni karibu na dirisha la upande wa barabara, macho wazi, uyatazame malori yanapopita na uisikilize treni inapoingia stesheni, ili macho yafundishe masikio mahali hapa papya. Sidhani kwamba boti zitafutika, na sioni kwa nini ungetaka zifutike.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Kibirizi, Kigoma. Nikizama kunasua wavu uliokwama kwenye mawe, nasikia injini ya boti, lakini sauti inatoka kila upande kama vile iko ndani ya kichwa changu. Nikiibuka naikuta boti iko mahali nisipopategemea, na juzi ilikuwa karibu mno. Je, maji yameniharibu masikio?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa mshtuko. Masikio yako yana habari sahihi. Ubongo ndio unaozisoma kwa kanuni za hewani. Katika maji sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kwa hiyo ule ucheleweshaji wa mikrosekunde 650 kati ya sikio na sikio hupungua hadi karibu 150. Ubongo wako, uliojifunza kila kitu nchi kavu, huisoma tofauti hiyo ndogo kana kwamba sauti iko karibu na katikati. Kichwa nacho hakiikingi tena sauti, kwa sababu nyama na maji hupitisha sauti kwa namna inayokaribiana, na sehemu kubwa ya sauti huingia kupitia mfupa wa fuvu na kuyafikia masikio yote mawili karibu kwa pamoja. Njia zote mbili alizozieleza Rayleigh zinakuwa zimedhoofika kwa mpigo mmoja.

Usitegemee masikio kuamua uibukie upande gani. Mwenzako abaki juu ya mtumbwi akiangalia, mkubaliane ishara ya kamba, na liwepo boya la rangi kali mahali ulipozama ili wenye boti walione. Mbali na hilo, kama sikio linauma, linatoa maji au usaha, au umeanza kusikia hafifu hata nchi kavu, mwone daktari kabla hujazama tena.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa reli, nina miaka 72, naishi Kigoma. Kelele za injini ziliniondolea usikivu kidogo kidogo. Wiki tatu zilizopita nilipata vifaa vya kusaidia kusikia, vile vinavyokaa nyuma ya masikio, kimoja kila upande. Mazungumzo nayasikia, namshukuru Mungu, lakini mjukuu akiniita kutoka uani nageukia barabarani. Kabla ya vifaa nilisikia kidogo lakini nilijua anaita kutoka wapi. Nimevivua na kuviweka kabatini. Je, ni vibovu?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Nakuomba uvitoe kabatini leo hii. Jambo lililokupata lina sababu inayoeleweka, na kwa kiasi kikubwa lina mwisho.

Kipaza sauti cha kifaa cha namna hiyo kiko juu, nyuma ya sikio. Sauti inachukuliwa huko, inaongezwa nguvu, kisha inapelekwa moja kwa moja kwenye tundu, bila kupita kwenye mikunjo ya sikio la nje kama ilivyokuwa ikipita tangu ulipozaliwa. Mikunjo hiyo ndiyo iliyokuwa ikikusaidia kutofautisha mbele na nyuma, na juu na chini. Isitoshe, kila kifaa hupunguza na kuongeza nguvu ya sauti chenyewe, kwa hiyo tofauti ya nguvu kati ya kushoto na kulia, ambayo ubongo wako umeizoea kwa miaka 72, inakuja ikiwa imebadilika. Kwa maneno mengine, umepewa masikio mapya, na ubongo unayasoma kwa kitabu cha yale ya zamani.

Kuna jaribio lililofanywa Nijmegen, Uholanzi, na kutangazwa mwaka 1998 na Paul Hofman na wenzake, ambalo linakuhusu moja kwa moja. Watu wazima wanne walitiwa kwenye mikunjo ya masikio yao yote mawili vijalizo vilivyofinyangwa, vikabadilisha umbo la sikio bila kuziba tundu. Mara moja walipoteza uwezo wa kujua sauti iko juu au chini, ingawa kushoto na kulia walipajua. Waliendelea na shughuli zao za kila siku wakiwa navyo, na ndani ya wiki chache, zisizozidi kama 6, uwezo ulikuwa umerudi kwa kiwango kizuri. Kisha vijalizo vilitolewa, na mtu angetarajia kwamba watu hao wangevurugikiwa tena, maana walikuwa wamejifunza masikio mengine. Hawakuvurugikiwa. Siku ile ile walisikia vizuri kwa masikio yao ya asili, kama mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani na bado akazungumza Kiha na mama yake bila kutafuta maneno. Ubongo ulikuwa umeweka seti mbili, pembeni moja kwa nyingine.

Kwa hiyo hofu yako kwamba vifaa vitakuharibia ule uwezo uliokuwa nao haina msingi mkubwa, lakini pia kuvivaa saa moja na kuvivua saa tano hakuufundishi ubongo chochote. Vivae tangu asubuhi hadi unapolala. Kila jioni mwombe mjukuu asimame mahali tofauti uani, akuite jina mara mbili tatu ukiwa umefumba macho. Wewe uonyeshe kwa kidole, kisha ufumbue macho umtazame. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na watu wengi huiruka. Usiharakishe kukata tamaa kabla ya miezi miwili. Rudi pia kwa aliyekufungia vifaa ahakikishe kwamba cha kushoto na cha kulia havijapishana na kwamba vimerekebishwa kulingana na kipimo cha kila sikio, kwa sababu kimoja kikizidi kingine mno, mazoezi yote yatakuwa yanapigana na mashine.

Niwe mkweli kwako katika jambo moja. Seli za vinyweleo zilizokufa kwa kelele za injini hazioti tena kwa binadamu, na ukiwa na umri huu ubongo hujifunza polepole kuliko wa kijana. Huenda mbele na nyuma pakaendelea kukuchanganya mara kwa mara. Ukichanganyikiwa, geuza kichwa kidogo kushoto na kulia wakati sauti bado inaendelea: sauti ya mbele na ya nyuma hubadilika kinyume kichwa kinapogeuka, na ubongo hulipata jibu ambalo ulikuwa umelikosa.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 7, yuko darasa la pili hapa Ujiji. Sikio lake la kulia limekuwa likitoa usaha, linakauka, linaanza tena, kwa zaidi ya mwaka sasa. Nimegundua kwamba nikimwita anatazama upande ambao siko, na mwalimu anasema ni mtukutu, hageuki akiitwa. Jirani amenishauri nimtie mafuta ya moto sikioni. Naomba ushauri.

JIBU: Mama, usimtie mafuta, wala kitu kingine chochote, na usichokonoe kwa pamba. Usaha unaokuja na kuondoka kwa muda huo mara nyingi unamaanisha kwamba kiwambo cha sikio kimetoboka na kuna maambukizi sugu nyuma yake. Mpeleke hospitali wiki hii, uombe aonwe na daktari wa masikio au apewe rufaa. Kukiwa na homa kali, uvimbe nyuma ya sikio, kizunguzungu au uso kulegea upande mmoja, usisubiri hata siku moja. Anapooga, tundu la sikio hilo lisiingie maji, na asiogelee ziwani hadi daktari aseme.

Kuhusu kutazama upande usio, mwanao si mtukutu. Sikio moja likisikia hafifu, sauti zote huonekana kuegemea upande wa sikio zima, na yeye hugeukia huko kwa nia njema kabisa. Andrew King na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Oxford, wamelichunguza jambo hili kwa wanyama wadogo wa jamii ya kicheche. Wanyama waliozibwa sikio moja walikosea vibaya mwanzoni, lakini waliofanyishwa mazoezi ya kutafuta sauti kila siku walirudia uwezo wao kwa haraka zaidi kuliko waliofanya mara chache. Waliokulia katika hali hiyo walijifunza kuitegemea zaidi mikunjo ya sikio lililobaki zima, na kizibo kilipotolewa waliweza kurudi kutumia masikio yote mawili. Nakuandikia hili kwa sababu najua wazazi wengi huona kwamba sikio likishaugua mwaka mzima hakuna la kuokoa. Lipo, na likitibiwa mapema ubongo wa umri wake una nafasi nzuri ya kulipanga upya, ilimradi apewe sauti za kutosha za kujifunzia: mwite kutoka pande mbalimbali za nyumba, na kila mara akufuate hadi akuone.

Wakati matibabu yanaendelea, mambo mawili hayasubiri. Barabarani mfundishe asivuke kwa kusikiliza, kwa sababu pikipiki inayotoka kulia kwake ataisikia kana kwamba inatoka kushoto; asimame, atazame pande zote mbili kwa macho, ndipo avuke, na ikiwezekana asindikizwe. Shuleni mwandikie mwalimu barua fupi, umweleze kwamba sikio la kulia ni gonjwa, na uombe mtoto aketi mbele, upande wa kulia wa darasa, ili sikio lake zima la kushoto lielekee kwa mwalimu na kwa wenzake. Mwalimu anapotaka kumwita, aseme jina lake na ainue mkono, ili mtoto apate kitu cha kukitazama.